"Amejitolea," Alisema Mama

Jumapili, 27 Aprili

Mvua ilianza tukiwa ubeti wa pili. Kanisani kwetu hatuna kinanda wala ngoma, tunaimba kwa sauti nne za vinywa vyetu tu, na sauti nne haziwezi kushindana na bati. Tukanyamaza, tukasubiri ipungue. Ilipopungua Mchungaji akauliza kama kuna mwenye tangazo, na Mama akasimama.

Mama ni fundi cherehani. Akisimama mbele za watu hushika shingo, kana kwamba futi ya kupimia bado inaning'inia pale. Akasema, "Nina neno la shukrani. Mnajua hali ya mama yangu tangu apate kiharusi. Sasa binti yangu amemaliza shule, na amejitolea kukaa nyumbani amtunze bibi yake. Mniombee Mungu amtie nguvu."

Watu wakaitika amina kwa sauti iliyoshinda mvua.

Sisi Wamennonite neno hilo la kujitolea tunalipenda mno. Mtu akizikwa, kabla ya kutajiwa watoto wake anatajiwa alikojitolea: huyu alichimba visima, yule aliuguza wakimbizi. Mlangoni akina mama wakanishika mikono. Mmoja akasema, "Kweli wewe ni tunda la kanisa hili." Nikatabasamu mpaka mashavu yakauma.

Sikujitolea. Sikuulizwa. Juzi nilimwambia Mama kwamba mwalimu mkuu amenipatia nafasi kwenye chuo cha walimu wa chekechea, na kinafungua tarehe mbili Juni. Alikuwa anapinda gauni la mteja, pini mdomoni. Akasema, "Tutaona." Nikangoja tuone. Kumbe mwenzangu ameshaona.

Jumatatu, 28 Aprili

Mvua. Mashuka hayakauki.

Jumatano, 30 Aprili

Niandike kazi ilivyo, maana nikiisema kwa mdomo naonekana nalalamika.

Bibi anageuzwa mara nyingi kwa siku ili asipate vidonda. Upande wake wa kulia hauna nguvu. Namkunja goti, naingiza mkono chini ya bega, navuta kuja kwangu. Ni mwembamba, lakini mtu asiyeweza kujisaidia ana uzito wa aina yake, kama gunia lenye maji. Kisha namwosha, nabadilisha shuka, nafua, naanika. Nje hakuna kuanika, kwa hiyo tumefunga kamba chumba cha mbele, juu ya cherehani. Wateja wanaingia wameinama kama wanaingia pangoni. Shuka likikaa siku mbili bila kukauka linanuka kama mbwa. Mama analipiga pasi bichi hivyohivyo, mvuke unatujaa machoni, na tunapiga chafya kwa zamu.

Bibi anaongea kidogo. Neno lake huchukua muda kufika, kama mtu anayetafuta ufunguo ndani ya mkoba mkubwa.

Mama anashona mpaka nalala. Nikiamka anashona.

Jumapili, 4 Mei

Darasa la ubatizo. Mwaka huu tuko wawili tu, mimi na Chiriku. Jina la Chiriku alipewa na watu wa kwaya kwa sababu hanyamazi hata wakati wa sala ya kimya.

Mchungaji akauliza, "Kwa nini sisi hatubatizi watoto wachanga?"

"Kwa sababu wanalia, Mchungaji," Chiriku akasema.

"Wewe huwa hulii?"

"Mimi nalia kwa hiari yangu."

Mchungaji akacheka, akapangusa miwani. "Umepatia bila kujua. Kwa hiari. Kwenye maji hakuna mama wala baba wa kukujibia. Wazee wetu wa zamani walifukuzwa makwao, wengine wakazamishwa mitoni, kwa sababu ya jambo hilo moja: kwamba mtu aulizwe, na ajibu mwenyewe."

Nilirudia neno hilo njia nzima. Aulizwe, ajibu mwenyewe.

Chiriku alinisindikiza chini ya mwavuli wake uliovunjika ubavu. "Una bahati, wewe umeshajitolea. Mama yangu kila siku, 'mwangalie mwenzako, mwangalie mwenzako.' Asante sana kwa kuniharibia maisha."

Nilitaka kumwambia. Nikamwambia tu aangalie dimbwi.

Jumanne, 6 Mei

Mvua. Mashuka mawili mabichi, moja nusu.

Alhamisi, 8 Mei

Nimemkasirikia Bibi leo. Nilikuwa nimemaliza tu kumbadilisha, akachafua tena. Nikavuta shuka kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Nikaenda jikoni nikalia mbele ya sufuria, kisha nikarudi nikamfuta vizuri. Wale wanaoniita tunda la kanisa hawakuwepo leo.

Jumapili, 11 Mei

Sijui nianzie wapi.

Wiki moja kabla ya Meza ya Bwana huwa tuna mkutano wa amani. Shemasi anapita benchi hadi benchi, anamuuliza kila mtu, "Una amani na Mungu na watu?" Unajibu, "Ninayo." Basi. Mmoja akisema hana, Meza inaahirishwa mpaka apatane na mwenzake. Haruhusiwi mtu kumuuliza hana amani na nani. Ni yeye mwenyewe amwendee aliyemkosea, wawili peke yao kwanza. Mara ya mwisho Meza kuahirishwa ilikuwa kabla sijazaliwa, kisa uzio wa majirani wawili, na hadi leo watu wakiuona uzio ule hupunguza mwendo.

Sisi wa darasa la ubatizo tuliulizwa kwa mara ya kwanza leo, kwa kuwa tungebatizwa siku hiyohiyo ya Meza.

Shemasi wetu ni mwanamke mrefu, mkunga mstaafu. Amezalisha nusu ya kanisa, na huwatazama watu kama anayekumbuka walivyotoka. Akaanza mbele. Ninayo, ninayo, ninayo. Mama akasema "Ninayo" akiwa anatoa uzi kwenye sketi yake. Chiriku akasema "Ninayo!" kana kwamba ameshinda bahati nasibu.

Nilikuwa nimejiandaa kusema ninayo. Naapa nilikuwa nimejiandaa. (Sisi hatuapi, lakini hapa hakuna anayesoma.) Ndiyo yetu ni ndiyo na siyo yetu ni siyo, tumefundishwa hivyo tangu tukiwa na meno ya utoto. Shemasi akaniinamia. Nikaona nikisema ndiyo leo, itakuwa ndiyo maisha yangu yote.

"Sina," nikasema.

"Sema kwa sauti, mwanangu. Mvua."

Kwa hiyo ikabidi niseme mara mbili. "Sina."

Benchi zote zikalia kwa pamoja, maana watu waligeuka. Shemasi hakubadilika uso. Akaendelea na anayefuata. Mwishoni Mchungaji akasimama, akasema Meza imeahirishwa, na ubatizo pia, akatukumbusha kanuni: asiulizwe. Nyuma nikamsikia Besi, seremala, anayeimba sauti ya chini, akisema kwa kile anachodhani ni kunong'ona, "Huyu? Huyu ana ugomvi na nani? Na nzi?"

Chiriku alinikanyaga kidole. "Mtu mkimya bwana! Umefungua mdomo mara moja, umefunga kanisa."

Mama alinishika mkono mpaka nyumbani. Jirani yetu, ambaye hukaa na Bibi Jumapili asubuhi, alikuwa mlangoni anatungoja. Mama hata hakumsalimia vizuri. Alipofunga mlango akaniangalia. "Nani kakukosea?"

Nikainama nikavua viatu.

"Sawa, kanuni ni kanuni, sikuulizi. Lakini nitamjua. Aliyekugusa wewe kanigusa mimi."

Akaketi kwenye cherehani akakanyaga kwa hasira mpaka uzi ukakatika.

Jumanne, 13 Mei

Kanuni inasema nisiulizwe. Haisemi watu wasije wenyewe kuomba msamaha. Na sisi tumefundishwa pia kwamba ukikumbuka ndugu ana neno juu yako, umwendee. Kwa hiyo kanisa limekaa nyumbani, limejikumbuka, limevaa makoti ya mvua, limekuja.

Wa kwanza alikuwa Besi. Alisimama chini ya mashuka, shuka moja begani kama mfalme.

"Ni kuhusu yule samaki?" akauliza.

"Samaki gani, mzee?"

"Lo. Basi si hilo." Akageuka, kisha akarudi. "Nimeshalianza, nilimalize. Niliwaambia kwaya unaimba kama samaki. Mdomo unafunguka, sauti haitoki. Nisamehe."

Nilicheka. Sikumbuki nilicheka lini mara ya mwisho, na nilicheka mbele ya mtu niliyekuwa namwogopa tangu nikiwa mdogo. Akacheka na yeye, vioo vikatetemeka.

Akaja muuza mayai. "Yale mayai ya mwezi wa pili, mama yako aliyalalamikia. Niliona yana nyufa nikayafunika kwa majani." Nikamwambia nimesamehe. Mama jikoni akasema kwa sauti, "Mimi bado!"

Akaja Chiriku, na yeye alikuja na mengi: kitana, siri ya nani anampenda nani, mtihani alionakili kwangu darasa la saba. "Ni lipi?" akauliza. "Hakuna," nikasema. "Basi rudisha msamaha, nilikuwa natia akiba."

Mke wa Mchungaji alikuja jioni. Alikaa ukingoni mwa kiti. "Nilisema neno baya juu yenu," akasema. "Nilisema nyumba hii ina mgonjwa mmoja kitandani na mwingine anatembea. Nilimaanisha ukimya wako."

Nilisema nimesamehe. Bado sijasamehe. Ningekuwa sijaambiwa ningekuwa na amani naye kabisa. Nilikuwa sijui kama nimekosewa na watu wengi hivi.

Jumatano, 14 Mei

Wageni wengine. Mama anachemsha chai, anasonya. "Msamaha huu unamaliza sukari." Kila anayetoka, Mama anamsindikiza kwa macho: ni wewe? Kisha anasema, "Siye. Uso wake mwepesi."

Anamtafuta mtu wa kumpigania, na kila jioni ananimiminia chai ya mwisho, yenye majani mengi, kwa sababu anajua naipenda nzito.

Alhamisi, 15 Mei

Shemasi alikuja. Hakutaka chai. Aliingia moja kwa moja kwa Bibi, akamfunua mgongo, akapapasa kila mahali kwa vidole viwili.

"Safi. Hakuna hata wekundu. Nani kakufundisha?"

"Nimejifunza tu, Shemasi."

"Mm." Akamfunika Bibi. Mama alikuwa mbele anampima mteja kiuno. Shemasi akashusha sauti. "Mimi sikuja kuomba msamaha. Sijakukosea."

"Hapana, Shemasi."

"Kanisa zima linakunywa chai kwenu, na wewe hujavaa viatu kwenda kwa mtu. Maana yake, unayetaka kumwendea, huhitaji viatu."

Nikalinyoosha shuka la Bibi, ambalo lilikuwa limenyooka.

"Kanuni inanizuia kukuuliza," akasema. "Haijanizuia kuona." Akachukua mwavuli wake akaondoka. Siku zote nilidhani ni mtu wa baridi. Labda ni mtu asiyepoteza maneno tu.

Jumamosi, 17 Mei

Nimesema.

Ilikuwa siku ya kumwosha Bibi nywele, kazi ya watu wawili. Mama alikuwa kichwani na mtungi, mimi nimeshika beseni. Mama alikuwa anaendelea na upelelezi wake.

"Nimefikiri sana. Ni mke wa Mchungaji. Kwa nini alikaa ukingoni mwa kiti? Kesho nitamkabili, na mumewe asikie."

"Mama, siye yeye."

"Basi nani?"

Angekwenda kweli. Namjua. Angekwenda kumgombeza mtu asiyehusika, kwa ajili yangu.

"Ni wewe, Mama."

Maji yakaendelea kumwagika kutoka kwenye mtungi. "Mimi nini?"

"Ulisema nimejitolea."

"Ndiyo."

"Sikujitolea. Ulinitoa."

Hakusimamisha mikono. Alisuuza povu lote, nyuma ya sikio hili, nyuma ya sikio lile. Akamfunga Bibi taulo. Ndipo akasema, "Ungeniambia."

"Nilikuambia habari ya chuo. Ukasema tutaona."

"Na mimi aliniuliza nani?" Sauti yake haikupanda. Afadhali ingepanda. "Baba yako alipofariki, nani alikuja kuniuliza kama nataka kushona usiku na mchana? Mama alipoanguka pale uani, nani aliniuliza? Wewe ni nani mpaka uulizwe? Mpaka usimamishe kanisa zima?"

Nililishika beseni vizuri, lilikuwa zito. Nikasema kitu ambacho sikukipanga. "Basi nakuuliza mimi. Unataka?"

Alinitazama kama nimemtukana. Kisha mabega yake yakashuka, akakaa kwenye ukingo wa kitanda.

"Sitaki," akasema. "Nimechoka. Mgongo wangu umekwisha. Lakini huyu ni mama yangu. Nisipomgeuza mimi, ageuzwe na nani?"

Ndipo sote wawili tukakumbuka. Macho ya Bibi yalikuwa wazi, yakienda kwa Mama, yakirudi kwangu. Masikio yake hayajawahi kuugua.

Jumapili, 18 Mei

Mama alisema yeye atabaki na Bibi. Nikaenda peke yangu. Wimbo wa kwanza sikuweza hata kufungua mdomo kama samaki. Mke wa Mchungaji alinipa nafasi pembeni yake, na sikuelewa kwa nini hilo liliniuma zaidi.

Jumatatu, 19 Mei

Mama haongei. Ananiambia "shika," "vuta," "leta."

Jumanne, 20 Mei

Shika. Vuta. Leta. Mvua.

Jumatano, 21 Mei

Nilianza kumkasirikia, nikachoka. Leo nilimwangalia akitunga uzi kwenye sindano. Zamani alikuwa anatunga mara moja. Sasa anaulamba uzi, anaisogeza sindano dirishani, anakosa, anaulamba tena. Miaka yote nimemwona kama ukuta wa nyumba, kitu kinachosimama kwa sababu ni kazi yake kusimama. Hakuna anayeuliza ukuta.

Na bado nataka kwenda. Hayo mawili yako ndani yangu, na halipungui hata moja.

Ijumaa, 23 Mei

Jua kidogo. Nilikimbia nje na mashuka manne. Nikaanika la tatu, mvua ikarudi.

Mama aliniona dirishani nimesimama katikati ya kamba, nimelowa. Akatoka akanisaidia kuyaanua. Shuka la mwisho tulilikamua pamoja, yeye huku, mimi kule, tukipinda kila mtu upande wake, kama inavyotakiwa.

Jumapili, 25 Mei

Jirani alikaa na Bibi. Mama alivaa gauni lake la kwenda mazishini. Nikaogopa.

Mkutano wa amani ulirudiwa, na kabla Shemasi hajaanza kuuliza, Mama akasimama. Alishika shingo.

"Nilisimama hapa nikasema binti yangu amejitolea. Sikumuuliza. Nilimtoa mimi, kama mtu anayeazimisha kiti cha jirani. Nimemkosea yeye, na ninyi niliwafanya mkaitikia amina jambo lisilo la kweli."

Hata mvua haikunisaidia leo, ilikuwa imekatika. Mama akanigeukia. "Sasa nakuuliza, mbele za wote hawa. Mwanangu, je, utaku—"

"Kaa chini," Shemasi akasema.

Mama akashangaa.

"Kaa, mama. Umesema vizuri, usiharibu. Hapa hawezi kukuambia hapana. Atasema ndiyo, tutaimba, na tutarudi kulekule. Nenda kamuulize jikoni."

Mtu akacheka, nadhani Besi. Mama akakaa. Meza ikasogezwa wiki moja mbele, na swali la amani likaachwa liulizwe siku hiyohiyo.

Nyumbani tulimenya viazi. Alimenya viwili vitatu. Kisha akaweka kisu chini, kitu ambacho Mama hafanyi kamwe akiwa na kazi mkononi.

"Haya. Nakuuliza. Utakaa na Bibi?"

Nilikuwa nimefikiri kwamba nikiulizwa tu, nitasema ndiyo. Kwamba ndiyo ilikuwa imekaa mlangoni inangoja kubishiwa hodi. Haikuwepo.

"Hapana, Mama. Nataka kwenda chuo."

Alifumba macho kidogo. Nikasikia bomba likidondosha matone kwenye sinki. "Haya," akasema. Akachukua kisu.

Hakunikumbatia. Hakusema amefurahi. Alikuwa hajafurahi, na sisi ndiyo yetu ni ndiyo.

Tulipomaliza viazi nikasema, "Jumamosi na Jumapili nitakuwa narudi. Siku hizo Bibi ni wangu, wewe ulale."

"Hizo sikukuuliza."

"Najua."

Alikusanya maganda yote kwenye kiganja kimoja, akayatazama kwa muda mrefu kuliko maganda yanavyostahili.

Jumatano, 28 Mei

Mchungaji aliuliza nani ataingia zamu ya mchana ya kumtunza Bibi. Msamaha uliletwa na wengi, mikono imeletwa na wachache. Shemasi amechukua Jumatatu. Muuza mayai Jumanne na Jumatano, na Mama amemsamehe papo hapo. Ijumaa amechukua mke wa Mchungaji. Nilidhani hataweza. Leo nilimfundisha: goti, bega, vuta. Ana mikono yenye nguvu, na alimwomba Bibi radhi kila alipomgusa. Sasa nimemsamehe, bila kujilazimisha.

Alhamisi haina mtu. Mama anasema atajua cha kufanya. Usiku wote ni wake.

Besi amekuja na magogo manne, amekiinua kitanda cha Bibi mpaka usawa wa kiuno. "Mimi kugeuza mtu sijui, najua kugeuza mbao," akasema. Mama alimgeuza Bibi bila kuinama, akasimama wima, akashika kiuno kana kwamba kuna kitu amekisahau pale. Kitu chenyewe ni maumivu, hayakuwepo.

Jumapili, 1 Juni

Niliulizwa maswali matatu, nikajibu matatu. Maji yalimiminwa kichwani mara tatu, ya baridi sana, yakaingia mgongoni. Sauti yangu ilifika mpaka benchi ya nyuma. Najua, kwa sababu Besi alinong'ona na kanisa zima likasikia, "Kumbe anayo."

Kisha tukatawadhana miguu, wanawake chumba cha pembeni, wanaume upande wao. Nilipangwa na Chiriku. Alinitekenya unyayo, na Shemasi akatuangalia tukaokoka hapohapo. Kupitia juu ya kichwa cha Chiriku nilimwona Mama akivuliwa viatu na mke wa Mchungaji. Vifundo vyake vimevimba kwa kukanyaga cherehani, na kidole kikubwa cha mguu wa kulia kimepinda upande. Nimeishi na miguu ile maisha yangu yote. Sikuwahi kuiangalia.

Meza ikafanyika. Mkate ulikuwa mkavu kidogo. Mama alipoulizwa alisema "Ninayo" baada ya kuvuta pumzi, na hakuwa anatoa uzi kwenye sketi.

Mchana Shemasi alikuja nyumbani na kipande cha mkate na kikombe kidogo, kama anavyowapelekea wagonjwa. Tulikuwa watatu kuzunguka kitanda kirefu. Sanduku langu lilikuwa mlangoni, maana gari linaondoka alfajiri. Shemasi akamsogelea Bibi, akamuuliza kama anavyomuuliza kila mtu, "Una amani na Mungu na watu?"

Mama akafungua kinywa amjibie. Nikamwona. Kisha akakifunga, akaishika mikono yake miwili.

Tukasubiri. Bibi alikuwa anatafuta. Midomo ilisogea, ikaacha, ikasogea. Nje jirani alikuwa anafagia maji uani. Mimi ningeshakata tamaa, lakini hakuna aliyemsaidia.

"Na..." akasema. "Na... ninyi?"

Shemasi, ambaye kazi yake ni kuuliza na haijawahi kuwa kuulizwa, akavuta kiti akakaa. "Ninayo," akasema. "Ila magoti yananitesa."

Macho ya Bibi yakaenda kwa Mama. Mama akachukua muda wake.

"Nimechoka, mama," akasema. "Nimechoka sana. Lakini ninayo."

Kisha macho yakaja kwangu. Hakuna aliyenijibia.